Moyo wa mwanangu unakimbia, kisha unasita

Shikamoo daktari,

Nina watoto watatu, na kwa wiki tatu sasa sijalala vizuri. Chanzo ni wa katikati, mvulana wa miaka saba. Alikuwa na kikohozi nikampeleka zahanati. Aliyempima aliweka kifaa cha kusikilizia kifuani, akakaa nacho muda mrefu kuliko nilivyozoea, akamwambia avute pumzi, aitoe, avute tena. Kisha akaniambia, "Mapigo yake hayalingani, lakini ni kawaida kwa umri wake." Akaandika dawa ya kikohozi, akaita mgonjwa mwingine. Nilitoka na karatasi mkononi bila swali hata moja. Maswali yalinijia njiani.

Usiku ule nilimwekea sikio kifuani akiwa amelala. Kweli. Moyo unakimbia kidogo, kisha unasita, kisha unakimbia tena. Tangu siku hiyo nausikiliza kila usiku, na kila usiku ni yale yale. Mchana simruhusu kukimbia. Mpira wake nimeuficha juu ya kabati. Analia, na baba yake ananiambia natafuta ugonjwa usiokuwepo.

Nikaanza kuwalinganisha. Kitinda mimba wetu ana wiki tano. Nilihesabu mapigo yake dakika nzima nikapata 152, tena yanakwenda sawasawa, hayasiti kama ya kaka yake. Binti mkubwa ana miaka 15. Mjomba wake alimpa saa ya mkononi inayohesabu mapigo, na asubuhi inaonyesha kwamba usiku yalishuka hadi 49. Mimi mwenyewe nina 72. Yaani nyumba moja, damu moja, na kila moyo na mwendo wake. Yupi yuko sawa, daktari? Huyu mdogo moyo wake utapungua lini? Na huyu mkubwa hautasimama?

Ukiniambia ni kawaida nitakubali, ila nieleze kawaida yenyewe ni nini. Kitu kisicholingana kinakuwaje kawaida?

Kwetu hatuna historia ya ugonjwa wa moyo. Upande wa baba yao, mdogo wake alifariki ghafla usingizini akiwa na miaka 29, lakini hakuwahi kuugua, sidhani kama inahusu. Na yule binti mkubwa alizimia mara moja mwezi uliopita akiwa amesimama mstarini shuleni, wakasema ni njaa.

Mama Watatu


Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitabasamu, maana ulichokisikia kifuani kwa mwanao ni sauti ambayo sisi tunaotibu watoto hufurahi kuisikia. Mara ya pili nilitulia kwenye mistari yako ya mwisho, ile uliyoitupia mlangoni kama mtu anayeaga, na tabasamu likaniishia. Nitaifikia. Kwanza nikujibu ulichouliza.

Moyo hausubiri amri ya ubongo ili upige. Kwenye ukuta wa chumba chake cha juu cha kulia, pale unapoingilia mshipa mkubwa unaoshusha damu kutoka kichwani na mikononi, kuna kikundi kidogo cha seli zinazojiwasha zenyewe. Zikijiwasha, umeme wake husambaa na moyo wote hujikaza. Waliozieleza kwa mara ya kwanza ni Arthur Keith na mwanafunzi wake Martin Flack, mwaka 1907, baada ya Flack kuziona kwenye moyo wa fuko. Ndiyo, fuko yule anayechimba ardhi.

Sasa seli hizo zikiachwa peke yake, bila kuguswa na neva yoyote, yaani mshipa wa fahamu, moyo wa kijana mzima hupiga kama mara 100 kwa dakika. Tunalijua hilo vizuri kutokana na watu waliopandikizwa moyo. Neva hukatwa wakati wa upasuaji, na moyo mpya hubaki kwenye 90 hadi 110 hata mwenyewe akiwa amejinyoosha kitandani. Wa mtoto ukiachiwa hivyo huenda kasi zaidi.

Wewe una 72. Basi kuna kitu kinachokupunguza, saa zote, hata sasa unaposoma. Ni neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo, ikapita shingoni kila upande na kushuka hadi moyoni. Ifikirie kama hatamu. Upande wa pili kuna neva nyingine, zikisaidiwa na adrenalini iliyomo kwenye damu, na hizo ndizo mjeledi. Tofauti ya hizi mbili shika vizuri, kwa kuwa jibu lako lote limo humo: hatamu inafanya kazi papo hapo, ikivutwa, pigo linalofuata au la baada yake tayari limechelewa. Mjeledi unachukua sekunde kadhaa kuonekana, na sekunde nyingine nyingi kuisha. Kwa hiyo ukisikia moyo unaobadili mwendo ndani ya pumzi moja, unasikia kazi ya hatamu.

(Namna hatamu inavyozungumza na moyo ilijulikana kwa vyura wawili. Otto Loewi, mwaka 1921, alichochea neva ya vagasi ya moyo wa chura mmoja mpaka ukapunguza mwendo, akachukua maji yaliyouzunguka akayamimina kwenye moyo wa chura mwingine. Wa pili nao ukapungua, ilhali hakuna aliyeigusa neva yake. Kumbe neva inadondosha kemikali. Leo tunaiita asetilikolini. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo la jaribio hilo lilimjia usingizini, akaliandika gizani, asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake, na usiku uliofuata likamjia tena. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1936.)

Tumchukue kichanga. Moyo wake ni mdogo na misuli yake haijawa myepesi kutanuka, kwa hiyo hauwezi kuongeza sana damu unayosukuma kwa pigo moja. Mwili nao unakua kwa kasi na unadai oksijeni nyingi kuliko wako, ukilinganisha kilo kwa kilo. Njia iliyobaki ni moja, kupiga mara nyingi. Hatamu anayo tangu tumboni, ila mkono unaoishika bado haujazoea: unaweza kuivuta ghafla na kwa nguvu, kama inavyotokea kichanga anaposita kupumua na mapigo yakashuka, lakini ule uvutaji mwepesi wa pumzi kwa pumzi bado ni hafifu. Ndiyo maana unayasikia yanakwenda sawasawa. Kwa kweli nayo hubadilika, ila tofauti ni ndogo mno kwa sikio lako.

Kuna jambo la kichanga ambalo wazazi wengi hawalijui. Mapigo hayaanzi juu siku ya kuzaliwa na kushuka moja kwa moja. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2011, uliounganisha tafiti 69 za watoto, ulionyesha kwamba kipimo cha katikati ni kama 127 wakati wa kuzaliwa, kinapanda hadi 145 mtoto anapofikisha mwezi mmoja, ndipo kinaanza kushuka: 113 kwenye miaka miwili, kama 91 kati ya miaka sita na minane, kama 73 kati ya 15 na 18. Wako wa wiki tano yuko kileleni kabisa mwa mlima huo. Hiyo 152 iache. Akilia itapita 170, na hiyo nayo iache. Kitakachonitia wasiwasi kwake ni mapigo yanayozidi 220 akiwa ametulia, yasiyobadilika hata akilala au ukimbeba, huku ananyonya kwa shida, anatoka jasho au anahema. Hapo usihesabu mara ya pili, mpeleke hospitali.

Umeona neno "yasiyobadilika"? Ndilo lililonifanya nitabasamu kwenye barua yako. Ulipokuwa na mimba, kama waliwahi kukufunga mkanda tumboni wa kufuatilia mapigo ya mtoto, mkunga hakuwa akiangalia tu kama yapo kati ya 110 na 160. Alikuwa akiangalia kama mstari unapanda na kushuka. Mstari ulionyooka kwa muda mrefu ndio unaowafanya wakunga waitane.

Sasa tuje kwa mvulana wako. Kati ya kuzaliwa na umri wa kuanza shule, hatamu inapata mkono. Nyuzi za vagasi zinavalishwa ala ya mafuta inayofanya ujumbe usafiri haraka, na sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi inazidi kufungamana na ile inayoongoza moyo. Mtoto anapovuta pumzi, kituo cha pumzi kinailegeza hatamu na moyo unakimbia kidogo. Anapoitoa, hatamu inavutwa tena, moyo unasita. Carl Ludwig aliliona hilo kwa wanyama tangu mwaka 1847, kwa hiyo si ugunduzi wa jana. Hali hii huwa kubwa kwa watoto wa shule na vijana, na kubwa zaidi wakiwa wamelala, kwa sababu usingizini hatamu ndiyo inayotawala. Wewe ulikwenda kumsikiliza saa ileile ambayo moyo wake unayumba kuliko saa zote, ukaenda kila usiku, ukapata jibu lilelile. Na yule wa zahanati, alipomwambia avute pumzi na kuitoa, alikuwa anahakikisha jambo hilihili. Alifanya kazi yake vizuri. Kosa lake ni kukunyima dakika mbili za maelezo, na dakika hizo umezilipa kwa wiki tatu za usingizi.

Unaweza kulithibitisha mwenyewe. Kesho mchana mkalishe mwanao, shika mshipa wa mkono wake upande wa kidole gumba, mwambie apumue polepole kwa kina. Utahisi mapigo yakisogeleana anapovuta na yakiachana anapotoa. Kisha mwambie aruke palepale mara 20, umshike tena mara moja. Yatakuwa ya haraka, yamenyooka, hayasiti. Mbio zinaiachia hatamu kabisa, na kuyumba kote kunatoweka. Subiri dakika mbili tatu: mapigo yatashuka upesi kuliko ambavyo yangeshuka yako, na kuyumba kutarudi. Kama mambo yatakwenda hivyo, umesikia alichokisikia yule mtaalamu. Kama yanaruka ovyo bila kufuata pumzi, au yanazidi kuvurugika anaporuka badala ya kunyooka, hiyo ni hadithi nyingine na inahitaji kipimo.

Kuhusu saa ya mkononi, mama, saa hizi nyingi zimetengenezwa zikimfikiria mtu mzima. Hata ile hesabu maarufu ya kutoa umri kwenye 220 ili kupata kiwango cha juu cha mapigo haiwafai watoto. Kiwango chao cha juu hukaa karibu na 200, hakibadiliki sana mpaka mwishoni mwa ujana. Lakini 49 ya usiku kwa binti wa miaka 15 mwenye afya, hasa akiwa anacheza michezo, si ajabu. Moyo wake sasa ni mkubwa, unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, hauhitaji kupiga mara 90. Kama hiyo 49 ingekuwa saa nne asubuhi yuko macho na anajisikia kizunguzungu, ningesema mengine.

Basi tufike kwa huyo binti. Uliniandikia aya tatu za mdogo wake na sentensi moja yake yeye, na mimi ningekugeuzia mizani.

Kuzimia kwa umri wake mara nyingi hakuna hatari, na ni mambo ya hatamu hiyohiyo. Miguu imerefuka, amesimama muda mrefu bila kutikisika, damu inatuama chini, kinachorudi moyoni kinapungua. Mwili unajaribu kufidia kwa mjeledi, kisha ghafla unakosea upande: hatamu inavutwa kwa nguvu, mishipa ya damu inalegea, ubongo unakosa damu kwa sekunde chache, mtu anaanguka. Akilala chini damu inarudi kichwani na anazinduka. Kwa watu wengi wa aina hii mara ya kwanza huja karibu na miaka 15, na wasichana wanaongoza. Njaa na kiu vinachangia, kwa hiyo waliosema njaa hawakudanganya kabisa. Muulize kama kabla ya kuanguka alihisi joto, kichefuchefu, macho kuingia kiza, masikio kuziba. Akisema ndiyo, hiyo ni dalili njema. Mfundishe kunywa maji ya kutosha, asiende mstarini na tumbo tupu, na akihisi kile kiza kinakuja apishanishe miguu na kuikaza, au achuchumae bila kuona haya.

Hata hivyo, kila mtoto aliyezimia anastahili kipimo cha ECG, kinachochora umeme wa moyo, angalau mara moja. Kinabandikwa kifuani, mikononi na miguuni kwa dakika chache, hakichomi wala hakiumi. Na kwenye barua hiyohiyo kuna baba yake mdogo aliyelala na miaka 29 asiamke. Umeandika hakuwahi kuugua. Mwanangu, hilo halinitulizi, linaniongezea swali. Yapo matatizo ya umeme wa moyo yanayorithiwa ambayo hayana homa wala maumivu, na wakati mwingine dalili yake ya kwanza ni kuzimia, na wakati mwingine ni kifo cha ghafla cha kijana. Sisemi ndiyo yaliyomo kwenu. Kifo cha ghafla kina sababu nyingi, na binti yako huenda alizimia kwa kusimama tu. Lakini mambo haya mawili yakiwa kwenye familia moja hayaachwi.

Ningefanya hivi. Binti apimwe ECG wiki hii, na daktari aambiwe habari za marehemu kwa maneno yaleyale, umri na namna alivyofariki, bila kupunguza. Mume wako naye apimwe, kwa kuwa yeye ndiye ndugu wa damu wa karibu. Kama lipo jambo, huenda likaonekana kwake kwanza. Najua atasema unatafuta ugonjwa usiokuwepo. Mwambie safari hii ni daktari aliyeutafuta. Mvulana mpeleke siku hiyohiyo, ila ujue sababu: anapimwa kwa ajili ya baba yake mdogo. Ule mwendo wa mapigo unaofuata pumzi zake haumo kwenye sababu hiyo. Mpaka majibu yatoke, binti asiogelee peke yake, na kama atazimia tena akiwa anakimbia, au akishtushwa na sauti kubwa, au bila ile dalili ya kiza, usisubiri miadi.

Mpira ushushe kutoka juu ya kabati. Hukuniandikia kwamba amewahi kuishiwa pumzi isivyo kawaida akiukimbilia, wala kushika kifua, wala kuanguka, na wiki tatu za kukaa kitako hazijaufanyia moyo wake jambo lolote jema.

Kabla hamjaenda, kaa na binti jioni moja uandike: alikuwa amesimama muda gani, alikula nini na saa ngapi, alihisi nini kabla, aliyemwona akianguka alisema alikuwa na rangi gani, na alizinduka baada ya muda gani. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kama ECG yenyewe. Majibu yakitoka, niandikie. Na usiku wa leo kalale. Ukiweka sikio kifuani kwa huyo wa wiki tano, utamwamsha bure.